Kapla Imefunga au Imegusana Tu? Utatuzi wa Matatizo ya Kuunganisha na Kutenganisha Mabehewa

Kapla, yaani kiungo cha chuma kinachoshikanisha behewa na behewa, ndiyo hulaumiwa kwanza mabehewa yanapokataa kushikana au yanapoachana. Mara nyingi haina kosa. Lawama ni ya kona, ya springi iliyochoka, ya mnyororo uliokatwa mfupi, au ya mtu aliyesikia mlio wa "kaa!" akadhani kazi imekwisha. Mlio unasema chuma kimegonga chuma, basi. Kama kufuli limeshuka au la ni jambo la kutazamwa kwa macho na kujaribiwa kwa kuvuta.

Mwongozo huu ni wa mashanta (wanaounganisha na kutenganisha mabehewa yadini), wakaguzi wa mabehewa na mafundi wa karakana wanaofanya kazi kwenye reli yenye upana wa mita moja kuanzia Nakuru, kupanda Mau na kushuka hadi Kisumu. Hauchukui nafasi ya kanuni za kazi za Shirika la Reli. Ukiona zinapishana na yaliyoandikwa hapa, fuata kanuni.

Kabla ya kugusa chochote

Hakuna mtu kuingia kati ya mabehewa mpaka mambo haya yote yawe yametimia, wala si baadhi yake:

1. Treni imesimama na dereva amejibu kwa redio, kwa maneno kamili, kwamba amefunga breki na ameondoa mwelekeo, yaani injini haikuwekwa kwenda mbele wala nyuma. Bendera peke yake haitoshi kama humwoni dereva.
2. Mabehewa yasiyo na injini yamefungwa breki za mkono na kuwekewa kabari upande wa mteremko.
3. Nafasi kati ya kapla na kapla ni mita 15 au zaidi. Nusu mita ni mtego: behewa lenye shehena likijongea kidogo tu, huna muda wa kutoka.
4. Umesubiri mabehewa yatulie. Springi za ndani zilizobanwa huweza kuyasogeza baada ya wewe kudhani yametulia.

Anayetoa ishara awe mmoja. Sauti mbili kwenye redio moja zimekwisha kuua watu katika yadi nyingi duniani.

Na mguu usitumike kusukuma kapla, hata kidogo. Tumia mtaimbo mrefu, ukiwa umesimama pembeni.

Vifaa vya usalama vilivyo ndani ya kapla

Kapla ya kujifunga inayotumika hapa ni ya ukoo wa ile aliyoipatia hataza Eli Janney wa Marekani mwaka 1873. Sheria ya Marekani ya 1893 ndiyo iliyolazimisha kampuni za reli za huko kutumia kapla zinazojifunga kwa kugongana na kufunguka bila mtu kuingia kati, kwa sababu wafanyakazi walikuwa wakipoteza vidole, mikono na maisha.

Ndani yake kuna kidole, yaani kile kipande kizito kinachozunguka kwenye pini yake. Nyuma ya kidole hushuka kufuli linalozuia mkia wake usirudi. Chini ya kufuli kuna kishikizo kinacholizuia lisipande lenyewe treni inapotikisika. Kisukuma hukifungua kidole wenzo unapoinuliwa hadi mwisho. Wenzo wenyewe umetokezwa hadi ubavuni mwa behewa ili shanta afungulie akiwa nje ya reli.

Pini ya kidole haikuumbwa kubeba mzigo wa treni. Katika kapla nzima, mvuto hubebwa na meno ya mkia wa kidole yanayokaa kwenye meno ya kichwa, na pini huelea kidogo katika tundu lake. Ukikuta pini imepinda au imeng'aa upande mmoja, jua meno yamelika na pini imeanza kubeba kazi isiyo yake. Kubadilisha pini peke yake hakutasaidia.

Dalili: kapla zinagongana lakini hazishikani

Kwanza tazama vidole. Kama vyote viwili vimefungwa, hakuna cha kushika. Angalau kimoja lazima kiwe wazi. Hii ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote na huchukua sekunde chache kurekebisha: simamisha, tenganisha mita 15, inua wenzo hadi mwisho ili kisukuma kikifungue kidole, halafu rudi pembeni na uite dereva.

Kama kimoja kilikuwa wazi na bado hazikushikana, angalia mstari. Kwenye kona, kichwa cha kapla moja huelekea nje na cha nyingine ndani, vikapishana. Sukuma vichwa kwa mtaimbo vielekeane kabla ya kuunganisha, au vuta mabehewa hadi kwenye njia iliyonyooka. Kuongeza mwendo hakuleti mstari. Kunavunja mkono wa kinga (ule upande wa kichwa unaokabiliana na kidole), au kunaipitisha kapla pembeni ya mwenzake na kugonga ukingo wa behewa.

Mwendo wa kugongana uwe wa mtu anayetembea bila haraka. Kiwango kinachotajwa sana katika reli za Marekani ni maili 4 kwa saa, yaani kama kilomita 6.4, nacho ni cha juu kabisa. Behewa la mafuta au la molasi kutoka ukanda wa miwa wa Muhoroni lipokelewe polepole zaidi, maana kioevu ndani huyumba na kuligonga behewa mara ya pili.

Kama mstari uko sawa, shuku uchafu. Vumbi la kokoto, kutu, mbegu na makapi yaliyoganda kwa molasi hujaza sehemu ya kufuli. Utaona kidole kinafunga lakini kufuli linabaki limening'inia juu. Safisha kwa brashi ya waya na hewa ya kompresa. Usipake grisi ndani ya kichwa cha kapla. Grisi ikichanganyika na vumbi la Bonde la Ufa huwa tupa ya kunoa chuma, na miezi michache baadaye kufuli limelika. Unga mkavu wa grafaiti unafaa ikiwa karakana yako inauruhusu.

Mwisho kabisa, pima kimo. Kila aina ya njia ina kiwango chake, kwa hiyo chukua kile kilichobandikwa katika karakana yako. Kwa kulinganisha tu, kanuni za Marekani kwa mabehewa ya mizigo zinataka kitovu cha kapla kiwe kati ya inchi 31.5 na 34.5 juu ya reli, kwa hiyo tofauti kubwa inayokubalika ni inchi 3. Behewa tupu likikutana na lililojaa ambalo springi yake imevunjika, tofauti hiyo hupita haraka. Kichwa kinachoinama kama ng'ombe anayekunywa maji kimelika bamba la kukibeba. Kuweka kipande cha bati chini yake yadini ni kuficha tatizo, na bati hilo litadondoka njiani.

*Acha kazi, ita mkaguzi wa mabehewa:* kichwa kina ufa pale kinapoungana na shina lake, kapla imepinda, au tofauti ya kimo imezidi kiwango.

Dalili: zilishika yadini, zikaachana njiani

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Kutoka Mau Summit, juu ya mita 2,400, reli hushuka kupitia Londiani, Kipkelion, Fort Ternan na Muhoroni hadi Kisumu, ambayo iko takriban mita 1,130. Treni ikikatika katika mteremko huo, mpira wa hewa hukatika pia, bomba kuu la breki humwaga hewa, na sehemu zote mbili hujifunga breki. Hicho ndicho kinga kikuu, lakini hakidumu milele. Mitungi ya breki huvuja polepole. Huko Lac-Mégantic nchini Kanada, tarehe 6 Julai 2013, treni ya mafuta iliyoachwa mlimani ilishuka baada ya hewa kuisha huku breki za mkono zilizofungwa zikiwa chache mno. Watu 47 walikufa.

Kwa hiyo kwanza linda sehemu ya nyuma. Funga breki za mkono ukianzia mwisho wa chini wa mteremko, weka kabari, kisha uhakikishe kwamba zinashika. Hesabu ya breki itoke kwenye kanuni za sehemu hiyo ya njia, usiikisie. Kapla utaichunguza baadaye.

Ukirudi pale ilipokatika, usifunge wala kufungua kitu kabla ya kusoma ushahidi. Vidole viwili vinakueleza karibu yote:

Vyote viwili vimefungwa na ni vizima. Kapla ziliteleza wima, moja juu ya nyingine. Tafuta tofauti ya kimo, springi iliyovunjika, au mahali reli imezama. Chunguza pia alama za msuguano juu au chini ya uso wa kidole.

Kimoja kiko wazi. Kufuli la kapla hiyo lilipanda. Hapa kuna sababu tatu, na ya kwanza ndiyo ya mara nyingi: kufuli halikushuka hadi mwisho tangu mwanzo, na hakuna aliyelitazama. Ya pili ni mnyororo wa wenzo kuwa mfupi au kukwama. Treni ikivutika, kapla hutoka mbele kidogo, na kwenye kona huzunguka. Mnyororo usio na ulegevu hulivuta kufuli juu bila mtu kugusa wenzo. Ya tatu ni kishikizo cha ndani kulika, hivyo mtikisiko unalipandisha kufuli kidogo kidogo.

Kimoja kimevunjika. Soma sehemu ya kidole kilichovunjika hapa chini.

Kipimo cha kishikizo ni rahisi na hakifanywi vya kutosha. Behewa likiwa peke yake na limefungwa breki, funga kidole, acha wenzo ushuke, kisha ingiza mtaimbo mfupi chini ya kufuli na ulisukume juu moja kwa moja bila kugusa wenzo. Likipanda kiasi cha kukiachilia kidole, kapla hiyo haina kinga yoyote dhidi ya mtikisiko. Isitoke yadini.

Ili haya yasitokee tena, kila muunganiko upitie hatua tatu: tazama kufuli kama limeshuka (penye tundu la kuchungulia, chungulia), tazama wenzo kama umelala mahali pake, kisha dereva avute taratibu wakati mabehewa ya nyuma yamefungwa breki. Ikishika, ndipo mtu aende kwenye mipira ya hewa. Kuunganisha hewa kabla ya kuvuta ni kugeuza utaratibu, na ndipo watu hunaswa katikati.

*Acha kazi:* kufuli likishindwa kipimo cha mtaimbo, usilifunge kwa waya. Waya wa kufungia unashikilia wenzo. Kufuli lenyewe halijui kama kuna waya.

Dalili: wenzo hauinuki

Kwanza mwulize dereva kama mabehewa yamevutika. Mvuto ukiwepo, kidole kinalikandamiza kufuli, na hakuna mkono wa mtu utakaoliinua. Aombwe abane kidogo, yaani asukume hadi ulegevu uingie, halafu asimame. Wewe ukiwa pembeni inua wenzo, ushikilie juu, na umwambie avute. Tisa kati ya kumi ya hali hizi huishia hapo, na hilo ni kadirio la jicho la yadi tu.

Kama bado hauinuki, angalia kama umepinda baada ya kugongwa, kama mnyororo umetoka kwenye kulabu yake, au kama bawaba za wenzo zimeshikwa na kutu. Kisumu, kwenye unyevu wa ziwa, kutu ya bawaba ni tatizo la kila msimu wa mvua. Matone machache ya mafuta kwenye bawaba za nje yanatosha, maana huko, tofauti na ndani ya kichwa, mafuta yana kazi.

Usipande juu ya kapla kulivuta kufuli kwa mkono. Usipige kufuli kwa nyundo mabehewa yakiwa yameunganishwa. Likiachia ghafla, ulegevu hutoka, na behewa husogea kabla hujashusha nyundo.

Dalili: kidole kimevunjika au kina ufa

Tazama uso wa mvunjiko. Sehemu yenye kutu au nyeusi ni ufa wa zamani uliokuwa ukikua. Sehemu inayong'aa ndiyo iliyokatika leo. Ikiwa uso wote unang'aa, kidole kilikuwa kizima na kilichokivunja ni mvuto wa ghafla: dereva aliongeza nguvu kabla ulegevu haujanyooka, au breki za nyuma hazikuwa zimeachia. Ukibadilisha kidole bila kuuliza swali hilo, cha pili kitakatika mlimani hapohapo.

Kubadilisha: tenganisha na ulinde kama ilivyoelezwa juu. Toa kota (kijipini kinachozuia pini isichomoke), ng'oa pini, inua kufuli, vuta kidole nje. Kidole cha aina ya kawaida ya Marekani kina uzito wa kilo 35 hivi, kwa hiyo ni kazi ya watu wawili, na vidole vya miguu viwe mbali. Kabla ya kuweka kipya, mulika tochi ndani: meno ya kichwa, kisukuma, kufuli. Kidole kipya kiwe cha aina ileile. Weka pini, weka kota mpya na uipanue, halafu fungua na ufunge mara kadhaa na urudie kipimo cha mtaimbo.

Mambo mawili yakataliwe kabisa. La kwanza ni kuchomelea kidole yadini. Ni chuma cha kusubu kilichopitishwa kwenye moto kwa kipimo, na joto la mashine ya kuchomelea hukifanya kiwe kigumu kama kioo kando ya mshono. La pili ni kuweka nondo ya ujenzi badala ya pini iliyoibwa na watu wa vyuma chakavu. Kila aliyefanya kazi yadini anajua wizi huo upo, lakini nondo haikupimwa kwa kazi hii. Vilevile usiazime vipuri vya mabehewa ya SGR. Reli ile ni ya milimita 1,435 na hii ni ya 1,000, na kufanana kwa umbo hakumaanishi vipimo vinaingiliana.

Dalili: kapla zimeshika vizuri, lakini hewa inakataa

Ikiwa breki za nyuma haziachii, fuata mpira kwa mpira kutoka kwenye injini. Koki iliyosahaulika ikiwa imefungwa ndiyo mshukiwa wa kwanza. Washa, yaani kipete cha kuzibia hewa, iliyopasuka kwenye mdomo wa mpira hufuata. Utaisikia ikifoka, na maji ya sabuni yatakuonyesha. Mpira uliovimba au unaoonyesha nyuzi utupwe. Kiwango cha uvujaji kinachokubalika Marekani ni psi 5 (pauni 5 kwa inchi ya mraba) kwa dakika, karibu bar 0.35; karakana yako ikiwa na kiwango kikali zaidi, tumia hicho. Fungua koki polepole ukianzia upande wa injini, la sivyo bomba hushuka ghafla na breki zote hujifunga kwa dharura.

Hatari isiyoonekana iko kwenye kutenganisha. Shanta mwenye haraka hufunga koki zote mbili, anakata, na injini inaondoka. Mabehewa yanabaki na hewa iliyofungiwa ndani ya bomba. Kama dereva alikuwa ndiyo kwanza amepunguza hewa, ile ya mkiani bado inatiririka kuja mbele. Ikikuta koki imefungwa inajikusanya, shinikizo linapanda, na vali za mabehewa hufasiri kupanda huko kuwa amri ya kuachia breki. Mabehewa yanaachia yenyewe, na hakuna aliyegusa kitu.

Njia salama: breki za mkono kwanza. Kisha dereva amwage hewa ya bomba kuu yote. Funga koki ya upande wa injini, iache wazi ile ya upande wa mabehewa. Tenganisha mipira ikiwa mitupu, uso ukiwa pembeni. Mpira wenye hewa ukiachia huchapa kama mjeledi na huvunja taya.

Gatini Kisumu

Meli ya MV Uhuru, iliyozinduliwa 1966, hupakia mabehewa 22 kwenye reli zilizo sitahani. Daraja la kuunganisha gati na meli huinama kufuatana na kina cha ziwa na uzito uliokwisha kupakiwa. Ziwa lilipofika kimo cha rekodi Mei 2020, kila mtu kando yake aliliona, na mwinamo wa daraja kama hili hubadilika nalo. Penye kiungo cha daraja, kapla moja huinuka na nyingine hushuka, hivyo tofauti hiyo ya kimo huleta madhara yaleyale ya springi iliyovunjika.

Kwa hiyo usiunganishe wala kutenganisha behewa likiwa limekaa juu ya kiungo. Kapla zipimwe zikiwa gatini, kabla ya kuingia darajani, na zile zilizo karibu na mpaka wa kimo au wa kulika ziachwe nyuma. Melini, fungua wenzo baada tu ya breki za mkono, kabari na minyororo ya sitahani kukazwa. Mawimbi yakilitikisa daraja hadi vichwa vya kapla vicheze juu na chini kwa macho, simamisha upakiaji na umwite msimamizi wa gati.

Behewa lililokataliwa

Libandike kibao, uandike namba yake, upande wenye hitilafu, dalili, na kipimo kilichoshindwa. "Kapla mbovu" haimsaidii fundi wa Nakuru atakayelipokea baada ya siku tatu. "Upande wa B, kufuli linapanda kwa mtaimbo bila wenzo, mnyororo uko sawa" inamwambia aanzie kwenye kishikizo. Kama kidole kilivunjika, funga vipande vyote viwili kwa waya kwenye behewa ili asome mvunjiko mwenyewe.